Kitabu Changu Kilipochezwa Kilole

Ndugu zangu walimu, leo nimejivunjia heshima, tena kwa kinywa changu mwenyewe.

Mnakijua kile kijitabu nilichoandika juu ya marehemu mke wangu, mama Zaina. Wakata mkonge wa Kilole wamekigeuza mchezo wa kuigiza, wenye ngoma na nyimbo. Niliambiwa wamekiharibu. Mimi sishiki maneno ya kuambiwa. Nikapanda lori kutoka Handeni nikajionee, kitabu mkononi, penseli sikioni.

Alasiri tukaketi katika bohari ya mkonge, kwa ruhusa ya meneja Mwingereza. Nikapewa kiti cha mbele. (Ni kiti cha heshima, pia anayekikalia huonekana na watu wote.)

Makosa yalianza mapema. Nyumba yetu ya Masuguru ilikuwa na mlango mmoja. Wao wameweka miwili. Nikaandika. Mke wangu hakuwa mtu wa kuimba akitwanga. Huyu aliimba beti sita! Nikaandika. Tena aliyemwigiza ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazigua, mwenye masharubu mazito chini ya kanga.

Ikafika siku ile ya mwisho. Mnakumbuka: nilikuwa Tanga nikisahihisha mitihani. Nikapelekewa simu ya maandishi kwamba hali yake ni mbaya, na treni ikakwama Mnyuzi kwa mafuriko. Nilipofika, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ngoma ikanyamaza. Yule mtani, amelala mkekani, akageukia mlangoni, akauliza taratibu, "Mume wangu amerudi?"

Kitabuni hamna maneno hayo. Sikuyaandika, kwa kuwa sikuwapo kuyasikia. Nilipaswa kuandika kosa.

Nikasimama.

"Nimerudi, mama Zaina. Treni ilikwama."

Mara marehemu akaketi mkekani! Akapapasa masharubu, na kwa kuwa mtani hutania hata msibani, akasema, "Umechelewa, Mzigua! Nimekwisha kuolewa Tabora!"

Bohari nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mkalisheni mzee, jamani. Analia."

(Nikashika shavu langu nihakikishe. Ni kweli.)

Kicheko kikakatika. Mtani akashuka jukwaani na kanga yake, akanishika mkono kwa adabu.

"Tuwie radhi, mzee. Imebaki kumzika tu. Tuache?"

"Mzikeni," nikamwambia. "Leo nipo."

Ndugu zangu, mkishindwa kujizuia, chekeni yale masharubu. Jibu langu niachieni.