Kisahani cha Jogoo Asiye na Kichwa

Kikwajuni nzima ilikuwa chafu. Sikusema mimi. Alisema Silima Jecha, mwanafunzi wa utabibu, aliyekuwa na wiki tatu tu darasani na tayari ameshaokoa nusu ya dunia.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka sitini na nane hatukujua kwamba tuna vijidudu. Silima alipochungulia hadubini mara ya kwanza, basi, raha zetu zikaisha! Ukimpa mkono haupokei. Akikutana nawe anaziba pua kwa leso yake nyeupe, leso ile ile Jumamosi mpaka Ijumaa, kisha anakuhutubia.

"Hawaonekani kwa jicho," atakwambia. "Mmoja anajigawa wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Unalala na mmoja, unaamka na taifa zima."

"Na taifa lote hilo linakula wapi?" nilimuuliza.

"Kwako," alisema, akarudisha leso puani.

Tungemwacha na leso yake, lakini alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Mkadam, msimamizi wa makuli bandarini Malindi, kumtaka bintiye Mwanakheir. Habari za mkwe asiyeshika mikono ya watu zikamfikia mzee. Akatuma neno: Ijumaa aje afuturu, na asiyekula katika sinia yake asitaraji kuoa katika nyumba yake.

Silima alimpenda Mwanakheir kwa dhati, hilo simnyimi. Lakini kushinda alikupenda zaidi.

Darasani walikuwa wamefundishwa kwamba vijidudu hupandwa kama mchicha, juu ya chakula kilichogandishwa, na kinachokigandisha ni nyuzi zile zile nyeupe zinazouzwa sokoni Darajani za kupikia faluda. Asubuhi ya Ijumaa hiyo akazichemsha jikoni kwa mama yake, kwa supu ya mifupa na sukari, akamimina katika visahani viwili. Kimoja kilikuwa cha maua. Cha pili kilikuwa na picha ya jogoo aliyebanduka kichwa.

Baada ya sala ya Ijumaa, maajabu! Silima alimpa mkono Mzee Mkadam mlangoni mwa msikiti, mbele ya watu. Kisha akakimbia nyumbani kiganja kiko juu kama amebeba yai, nami nyuma yake, akabandika vidole vitano katika kisahani cha jogoo. Akanawa kwa sabuni ya dawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa leso yake, akabandika vidole katika kisahani cha maua.

"Hiki cha jogoo ni uchafu," aliniambia. "Hiki cha maua ni elimu. Keshokutwa Mwanakheir ataona kwa macho yake kinachoota kwenye kiganja cha baba yake."

"Na huyo baba atakupa mtoto?"

"Atanishukuru."

Akavifunika, akavitia kabatini, akaenda kulala.

Alasiri mama yake, Bi Sichana, alifungua kabati akakuta faluda mbili zimetulia. Ramadhani majirani hupelekeana futari, seuze nyumba yenye posa. Kuonja hakuweza, amefunga. Cha jogoo akakimwagia maziwa ya iliki na arki ya mawaridi, akampelekea mke wa Mzee Mkadam. Cha maua akamwachia mwanawe vivyo hivyo, maana maziwa yalikuwa yamekwisha.

Magharibi tuliketi mkekani, Silima, mimi na mwenye nyumba. Mkono wa Mzee Mkadam ukazama katika sinia ya muhogo wa nazi. Silima wake akauacha gotini.

"Mbona huli, baba?"

"Nnakula, mzee."

Macho yakamzunguka mpaka yakatua juu ya kisahani kilichofunikwa kawa, na kijiko pembeni. Chakula hakikuguswa na mkono wa mtu! Akakivuta, akala kwa bidii.

"Nshakula faluda nyingi," akasema, "lakini hii kaipika mtu anayejua usafi. Ina ladha ya supu kwa mbali."

"Imalize, baba."

Akakwangua. Maziwa yakaisha, faluda ikaisha, chini akatokea jogoo. Hana kichwa.

Silima akainuka, akakaa, akainuka tena. "Hii imetoka wapi?"

"Kwa mama yako."

"Mzee," akasema, "nimekula mkono wako."

Hofu haijui kusema uongo. Alieleza yote, msikiti, vidole, visahani, na nani alikuwa aoneshwe. Nyuma ya pazia kicheko cha Mwanakheir kikakatika ghafla.

"Kumbe pale hukunipa mkono," Mzee Mkadam akasema taratibu. "Uliuchukua. Nao nlikuwa nshautawadha."

Silima akajilaza kwao akingoja kufa. Aliniusia vitabu vyake. Siku ya kwanza hakuumwa, ya pili hakuumwa, na alionekana kuchukizwa na afya yake. Ya tatu Bi Sichana akafungua kabati akapiga kelele. Katika kisahani cha maua vidole vitano vya elimu vilikuwa vimeota, kimoja manjano, kimoja cheusi, vitatu vina manyoya ya kijani! Nilikipeleka mwenyewe kwa Mzee Mkadam, nawe nilaumu ukitaka.

Mzee alicheka mpaka akataka kumsamehe. Mwanakheir akakataa.

Kwetu sahani ya futari hairudi tupu. Jioni ile kisahani cha jogoo kilirudi kwa Silima kimeoshwa kinang'aa, na ndani yake kipande cha sabuni.

"Mwanakheir anasema posa imekwisha," nilimfikishia ujumbe. "Na sabuni hiyo ni ya leso."