Kiganja cha Bibi Gaudiosa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mjomba Blasius kapiga simu kutoka Mbinga. Nyumba hii ya Ngumbo, ambamo marehemu mama yake, Bibi Gaudiosa, alianza kubanika samaki kabla ya kufungua kiwanda cha pakiti za usipa, dagaa wa ziwa letu, sasa itahifadhiwa. Jumamosi anakuja na Afisa Utamaduni wa wilaya. Atateua mtunzaji, naye ndiye atakayeishi humu. Mimi naishi humu tayari! Nikikosa, mimi na mke wangu Rosemary tunahamia Matiri kwa wakwe, msimu wa kuchuma kahawa. Nina cheti cha kidato cha nne. Mpinzani ni mmoja: Vitalia, binti wa mama mkubwa, darasa la saba, aliyemsaidia Bibi jikoni miaka kumi na miwili. Kama hiyo ni sifa.

Jumanne, 4 Juni
Nimekagua nyumba kwa utaratibu. Sebule: safi. Jikoni: aibu. Kuta nyeusi tii, miaka arobaini ya moshi wa kubanika mbasa na samaki wengine. Afisa wa serikali aingie humu? Vitalia kapita na ndoo kichwani, kaniambia jikoni nisiguse kitu. Nikamwelewa mara moja: anataka wageni waone uchafu, lawama ziwe zangu. Nikamshukuru kwa ushauri. Kisha nikaenda kununua chokaa.

Jumatano, 5 Juni
Nimesugua tangu alfajiri. Sabuni, mchanga, brashi ya waya. Karibu na mlango kulikuwa na doa sugu lenye umbo la kiganja. Nusu saa nzima! Likatoka. Uchanja wa kubanikia samaki ulikuwa umelowa mafuta ya miaka, nimeupasua kuni. Zinawaka vizuri ajabu. Rosemary kaniuliza kama nina uhakika. Nikamkumbusha nani katika ndoa hii alipata D ya Historia.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepaka chokaa mara mbili. Jikoni kunang'aa kama zahanati. Vitalia kachungulia, kashika mdomo, kaondoka bila kuaga. Wivu!

Jumamosi, 8 Juni
Wageni walifika saa nne. Shikamoo zote nilizitoa mapema. Bi Rukia, Afisa Utamaduni, alipita sebuleni kama anapita stendi, akaenda na kamera moja kwa moja jikoni. Akauliza jikoni kwenyewe ni wapi. Nikasema ndipo hapa. Akasema ametoka Mbamba Bay kuja kupiga picha masizi.
Mjomba alikuwa anapapasa ukuta karibu na mlango. Akasema mama yake aliegemea hapo kila alipogeuza samaki, miaka yote ile, mpaka kiganja chake kikabaki ukutani. Akauliza kiko wapi. Nikajibu kwa fahari kwamba nimekitoa chote, hakuna hata alama.
Mjomba akavua kofia. Akatoka, akakaa juu ya jiwe, akalia. Nilidhani ni furaha, mpaka Vitalia aliponitazama.

Jumapili, 9 Juni
Tatizo dogo, linarekebishika. Mjomba, aliyelala hapa, na Vitalia walipokuwa kwenye misa, nilijipaka mkono masizi ya sufuria nikaugandamiza ukutani. Kazi safi! Vitalia akawa wa kwanza kurudi. Alinyoosha mkono juu kukifikia kiganja.
"Kaka Tarsisi," akasema, "Bibi alikuwa ananifika begani. Huyu aliyepanda stuli ni nani?"
Mjomba alikuwa nyuma yake. Kasema nikafungashe. Mtunzaji ni Vitalia. Kaniomba funguo kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 12 Juni. Matiri
Leo nimechuma kahawa debe moja. Baba mkwe, miaka sabini, kachuma manne, tena anaimba. Kaniuliza kama Ngumbo watu huchuma kwa macho.
Lakini nimesikia kuna parokia huku juu inataka kuhifadhi nyumba yake ya kwanza ya mapadri. Matofali yameota ukungu, milango imeliwa na mchwa. Wanahitaji mtu! Barua ya maombi nimeiandika jioni hii. Elimu: kidato cha nne. Uzoefu: ukarabati kamili wa jengo la kihistoria, siku tatu, bila msaidizi. Mdhamini walitaka awe mtu anayezifahamu kazi zangu. Nimemweka Vitalia. Alijionea mwenyewe.