Jinsi ya Kuachishwa Hesabu

Jumatatu, 6 Oktoba

Majibu ya jaribio la hesabu yametoka. Nimepata ishirini na tatu kwa mia. Valens amepata sitini na moja. Karatasi yake ameiweka juu ya dashibodi ya gari lake, imetazama nje, kama kibali cha kuegesha.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni Niyongabo, miaka thelathini na tisa, dereva wa Madamu Kankindi, mwenye ofisi hapa Kimihurura, Kigali. Jioni nasoma shule ya watu wazima Biryogo, nimalize sekondari niingie chuo kikuu. Valens ni dereva wa bosi wa ghorofa ya juu. Tuko darasa moja, na tunataka kitu kimoja: kiti cha mkuu wa usafirishaji, ambaye anastaafu baada ya miaka mitano. Kiti kinataka shahada. Haikuandikwa ya nini.

Naandika kwa Kiswahili cha Buyenzi, Bujumbura, nilikokulia. Daftari linashinda garini, na Kiswahili cha Valens ni cha kununulia nyanya tu.

Mwalimu Harriet ametangaza kwamba anayetaka kuacha hesabu arudishe fomu mwisho Ijumaa, tarehe 17. Masomo matatu yanatosha kuingia chuo. Hesabu ni la nne. Wanaoitaka ni wa shahada za sayansi na dawa.

Nataka kuiacha. Shida ni kwamba mwaka mzima nimemwambia kila mtu hesabu hainitishi. Kwa hiyo kuacha siwezi. Inabidi niachishwe.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wa kwanza: niachishwe na mwalimu.

Nilibaki darasani wenzangu walipotoka. Nikakunja karatasi yangu, nikaikunjua, nikashusha pumzi mara mbili. Mwalimu Harriet ana miaka ishirini na sita na amekulia Uganda. Nilitegemea huruma.

Akaichukua karatasi. Akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Muzee, wewe iko na akili," akasema. "Lakini iko na haraka. Angalia hapa. Namba imevuka upande wa pili, alama ya kutoa imebaki njiani."

Neno muzee limeniuma. La pili limeniuma zaidi: kila Alhamisi atanifundisha nusu saa peke yangu, baada ya kipindi, bila malipo.

Nikamshukuru. Ningesema nini? Nilikwenda kupunguza hesabu, nimerudi na hesabu zaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nusu saa ya kwanza. Imechukua dakika hamsini.

Nilifanya milinganyo sita. Miwili ilitoka sawa. Mwalimu alifurahi kana kwamba mimi ni mtoto wake ametembea. Nami nikafurahi kidogo, kabla sijajikumbuka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango wa pili: niachishwe na kazi.

Asubuhi, tukishuka kutoka Nyarutarama anakoishi, nilimwambia Madamu, kwa sauti ya mtu mwaminifu, kwamba kipindi cha hesabu kinaanza saa kumi na moja, nayo ndiyo saa yake ya kutoka ofisini, ndiyo maana kila mara nafika darasani nimechelewa. Nikasema kazi kwangu ni ya kwanza. Nikasema niko tayari kutoa sadaka somo moja.

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ameacha kusoma simu yake.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" akaniuliza. Amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. "Mimi hesabu niliiacha kidato cha nne, na mpaka leo najuta. Siku za kipindi nitaendesha mwenyewe. Wewe uende shule."

Nikasema haiwezekani, Madamu. Akasema imeshawezekana.

Kufikia saa sita jengo zima lilikuwa na habari. Mlinzi wa getini aliniuliza hesabu zinaendeleaje. Mama wa mapokezi aliniuliza. Bosi wa Valens, ambaye hajawahi kunisalimia, alinipa mkono.

Valens alikuwa anatazama.

Jumapili, 12 Oktoba

Mpango wa tatu: niachishwe na mke.

Baada ya misa tukakaa mezani. Nikamwambia Alida kwamba nina rafiki darasani, mtu mzima, mwenye familia, anayefikiria kuacha hesabu kwa ajili ya afya yake. Nikamwuliza yeye kama mwanamke anaonaje.

Alida alikuwa anapakua maharage na ndizi. Hakuinua kichwa.

"Mwambie rafiki yako, kama imemshinda aiache. Halafu ale, chakula kinapoa."

Nilichokuwa nakitaka wiki nzima ndicho hicho, nimepewa sahanini. Nikakasirika. Nikamwuliza nani amesema imemshinda. Nikamweleza kwamba rafiki yangu ana akili, ila ana haraka, na kwamba mwalimu mwenyewe amelisema hilo. Alida akasema basi asiache. Nikasema ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe unayekaa mbele ya ubao.

Tukala. Baadaye akaniuliza kama rafiki yangu anataka chai.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango wa nne, na ndio wenye akili: Valens.

Valens akiacha, nami nikiacha, hakuna aliyeshindwa. Itakuwa ni uamuzi wa madereva.

Nilimfuata penye maegesho saa nne, nikiwa na chapati mbili. Tukakaa garini mwake, ile karatasi ya sitini na moja katikati yetu. Nikamweleza kwa Kinyarwanda, polepole, kwamba kuna shahada nzuri zisizotaka hesabu hata chembe. Sheria. Lugha. Utawala. Nikamwambia habari za mtu wa mji wa Ngozi, kwetu Burundi, aliyesoma hesabu ukubwani mpaka akawa anamwita mkewe kwa namba. Mtu huyo hayupo, lakini wakati nasimulia niliona sura yake.

Valens alikula chapati zote mbili. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Anaamka saa kumi alfajiri kila siku kufanya hesabu. Ile sitini na moja imemgharimu usingizi wa miezi mitatu, na mkewe hasemi naye mpaka saa sita mchana.

Nikamwambia pole. Nilimaanisha, na hilo nalo lilinishangaza.

Jumatano, 15 Oktoba

Valens ameacha hesabu.

Ameipeleka fomu leo asubuhi. Atasoma sheria. Anasema tangu utotoni alipenda kubishana, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu wanalisomea hilo. Kiti cha usafirishaji hakitaki tena. Akanikumbatia mbele ya madereva wote, akasema mimi ni ndugu yake. Ile karatasi ameitoa kwenye dashibodi.

Ningepaswa kufurahi. Mshindani amejiondoa, na njia ya kuacha iko wazi. Lakini nimekaa garini mchana mzima nikiwa na hasira. Mtu wa sitini na moja ameiacha hesabu kama anavyoshuka abiria, bila hata kugeuka. Mimi wa ishirini na tatu bado natafuta ruhusa.

Kesho nusu saa ya Mwalimu. Kesho kutwa napeleka fomu. Nimeshaijaza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwalimu Harriet hakuwa na furaha. Akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyemshauri Valens. Nikasema tuliongea tu, kama marafiki.

Akafuta ubao mahali palipokuwa safi tayari. Kisha akaniambia kwamba shule haiendeshi darasa lenye watu chini ya saba. Tulikuwa wanane. Sasa tuko saba.

Fomu ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na nilikuwa na hakika inaonekana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilifika Biryogo mapema. Ofisi ya shule ilikuwa wazi. Nikiwa mlangoni, nikaitwa.

Ilikuwa ni Peace, anayekaa dawati la mbele yangu. Anauza kwenye duka la dawa karibu na msikiti, na anataka kusomea ufamasia. Bila hesabu hawampokei.

"Kaka Niyongabo," akasema, "tumebaki saba. Nimehesabu mara mbili."

Nikasema nimesikia.

"Mwaka jana walibaki watano, darasa likafungwa. Nikangoja mwaka mzima. Kuna mtu amesema na wewe unaondoka."

Hakulia. Hakuniomba. Alikuwa amesimama na mkoba wake wa daftari, anangoja kuambiwa, kama mtu anayengoja dawa yake itafutwe rafuni. Ingekuwa afadhali angelia. Mtu anayelia naweza kumkimbia.

"Nani amesema naondoka?" nikamwuliza. "Watu wa Kigali wana maneno mengi."

Akacheka. Tukaingia darasani pamoja. Mwalimu akatoa maswali, na daftari langu nilikuwa nimelisahau garini kwa Madamu. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Swali la tatu nimelifanyia mgongoni mwa fomu. Limetoka sawa.

Ofisi ilifungwa saa kumi na mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Jaribio la pili limerudi tangu jana. Nimepata hamsini na mbili.

Peace amepata themanini na nne. Alinigeukia, akaisoma karatasi yangu, akanipigia makofi mezani kwa vidole viwili. Madamu ametaka kuiona. Alida ameitazama akasema rafiki yangu naye amejitahidi. Valens, ambaye sasa anatembea na kitabu cha sheria na kubishana na mlinzi kuhusu geti, amesema hakushangaa.

Mimi nimeshangaa. Na nimefikiri vizuri, nimegundua jambo. Darasa likipungua mtu mmoja linafungwa. Kwa hiyo Mwalimu Harriet ana kila sababu ya kunitia moyo. Hamsini na mbili si zangu. Ananiongezea, nibaki.

Sitamwuliza. Nitamtega. Jaribio lijalo ni Jumatano ijayo, maswali kumi. Nitakosea matano kwa makusudi. Akinipa zaidi ya hamsini, nimemkamata.

Ila kukosea kwa makusudi kunahitaji uangalifu. Mtu akiandika ovyo anaweza kupatia kwa bahati mbaya, na mtego ukaharibika. Lazima kwanza nilijue jibu sahihi la kila swali, ndipo niandike lingine. Kwa hiyo nimechukua mazoezi yote ya mwaka, nimekaa garini tangu saa tatu asubuhi, nayafanya moja baada ya jingine. Nimemaliza arobaini na mawili. Yote yametoka sawa.

Huyu mwalimu hajui anacheza na nani.