Mtaalamu wa Mawe ya Nyongo

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa kitu chochote, ila kusoma alijua. Alikwenda zahanati kuomba cheti cha ugonjwa asiokuwa nao, akakuta bango ukutani: dalili za matatizo ya mfuko wa nyongo. Maumivu chini ya mbavu za kulia ukila mafuta, yanapanda hadi begani. Kichefuchefu. Macho ya njano. Akalisoma mara tatu, mate yakimdondoka. Nani mtaani hajawahi kushikwa na tumbo baada ya chipsi?

Wiki hiyohiyo alikuwa na meza sokoni, chupa za mafuta ya kupikia yaliyokamuliwa ndimu, na mtungi wa kokoto alizookota kwenye jengo linalojengwa.

"Mawe haya dawa yangu imeyatoa kwa wagonjwa," alisema kwa sauti ya msibani. Kisha, kwa kuwa aliwajua wateja wenye kelele, akaongeza onyo. "Jiwe likishuka, mgonjwa huweweseka. Atatukana, atadai hospitali. Msimsikilize. Mwongezeni dawa."

Mama muuza mitumba wa meza ya jirani alimwona asubuhi moja akishambulia kuku wa kukaanga.

"Mwanangu, mbona macho ya njano? Na hilo bega unalisugua tangu juzi."

"Mama, unanifundisha kazi yangu?"

Akacheka, akalamba vidole. Saa nne alianguka chini, mikono mbavuni, upande wa kulia.

"Jiwe!" akapiga kelele mama. "Leteni chupa!"

"Nipelekeni hospitali!"

"Si alisema watadai hospitali?" akakumbusha fundi viatu, akimbana pua.

"Ni mafuta na ndimu tu! Mawe nimeokota kwenye jengo! Mimi tapeli, haki ya Mungu!"

"Maskini, anaweweseka," akasema mama. "Ongeza."

Hivyo ndivyo ulivyopokewa ukweli wake wa kwanza tangu azaliwe. Chupa ya tatu ilipomrudi yote juu ya viatu alivyoletewa kushona, fundi alikasirika, akamsukuma kwa mkokoteni hadi hospitali.

Alipozinduka baada ya upasuaji, mfuko wa nyongo haukuwepo tena. Mama alikuwa pembeni na kikopo chenye mawe matatu.

"Nimeyaomba kwa muuguzi," akasema. "Nimewaambia wateja dawa iliyasukuma mpaka daktari akayakuta mlangoni. Chupa zako zimenunuliwa zote."

"Mama, lakini ulinisikia nikisema..."

"Nilikusikia vizuri sana, mwanangu." Akasogeza kiti, akashusha sauti. "Ila hukutaja ndimu ngapi kwa chupa."

Mtaalamu akatazama mawe yake mwenyewe yakitiwa kwenye mkoba wa mama.

"Mbili," akasema.