Barua Nyuma ya Kikaratasi cha Dawa

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tatu ya mgomo wangu wa mtu mmoja. Halmashauri imeng'oa paa la kituo cha basi, nami nasimama palepale lilipokuwa, saa tano hadi saa tisa, na bango. Kondakta kaniuliza nauza nini. Mjinga!
Afya nzuri. Vidonge vipya vya daktari vimezinyamazisha zile sauti zilizokuwa zikinisimanga chumbani. Sasa nabishana na watu wanaoonekana tu. Hasara kidogo: wale wengine walijua kujenga hoja.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka uso unawaka. Shingo imevimba, mikono ina malengelenge. Mtuhumiwa namjua: sabuni! Shemeji yangu Povu, kaka wa mke wangu, huipika uani kwake na kutugawia vipande. Mtaa mzima unamsifu. Mimi nimeandikia gazeti barua mia mbili, nani kanisifu? Ijumaa mkuu wa shule ya bweni anakuja kuamua kama wanafunzi wake wataoga kwa sabuni hiyo. Nitamsaidia kuamua.
Mke wangu kasema niende zahanati kwanza, huenda ni vidonge. Nimemweleza kuwa vidonge huenda tumboni, na ngozi iko nje. Kaguna.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika barua, "Sumu Yenye Povu". Moto mtupu! Karatasi hakuna, mke kazifungia kabatini tangu ile wiki ya barua kumi na moja. Lakini ndani ya boksi la vidonge nimekuta kikaratasi kimekunjwa, upande mmoja mweupe. Bahati! Upande wa pili maandishi madogo kama mayai ya chawa. Sikusoma. Mimi ni mwandishi. Nimempelekea mhariri wa gazeti la mtaa kwa mkono wangu.
Povu kapata habari. Kaja kuuliza sabuni yake imeniunguzaje, na mimi tangu lini naoga. Tusi! Mke hakupiga kelele, na hilo ndilo linalotisha. Kanikumbusha kuwa ni Povu aliyelala mlangoni kwangu wiki nzima nilipougua, nisitoroke. Barua ikichapishwa, yeye anahamia kwa kaka yake, na kitanda anabeba.
Nimejibu kuwa ukweli haujui shemeji. Chakula cha jioni sikupewa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeburutwa zahanati. Nesi kanifungua shati: tumbo safi. Kanivua saa: chini yake ngozi laini kabisa. Kauliza kama huwa naoga na shati na saa mkononi, maana sabuni hii ina adabu ya ajabu, imeziruka nguo zote. Mke kageukia ukutani, mabega yanatikisika.
Ni vidonge na jua, kasema nesi. Vidonge hivi huifanya ngozi isivumilie jua. Nisiviache kwa kichwa changu hata kidogo. Nivae kofia pana na mikono mirefu, nipake mafuta ya kukinga jua, nikae kivulini, nirudi kwa daktari tarehe aliyoandika kwenye kadi. Haya yote yamo kwenye kikaratasi cha boksi, baba, kiko wapi? Nikakohoa.
Barua! Nimekimbia hadi gazetini. Mlango umefungwa.

Ijumaa, 7 Machi
Gazeti limetoka. Nimelifunua hadi ukurasa wa barua. Barua haimo! Mhariri kairudisha ndani ya bahasha. Upande wa nyuma kapiga mstari mwekundu chini ya "Epuka jua kali", na pembeni kaandika kuwa hii ndiyo barua yangu ya kwanza kuja na jibu lake.
Shule imemkubali Povu. Kaja na kipande cha sabuni na kofia pana: hii ya kuogea, shemeji, na hii ya kugomea. Mke kacheka mpaka kakaa chini. Nami nimecheka. Kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Kosa si langu. Ni la wanaochapa maonyo kwa herufi za sisimizi! Nimesimama mbele ya duka la dawa saa sita hadi saa tisa, na bango jipya. Kofia nimeitundika juu ya bango, ili lionekane kwa mbali. Barua nimeiandika papo hapo, kali kuliko zote. Karatasi sikuwa nayo, ila kadi ya zahanati ina upande mweupe. Nimeshaipeleka.
Uso unawaka tena. Mke anauliza nirudi kwa daktari tarehe ngapi. Nimemwambia avute subira, mhariri atajibu.