Chupa ya Bibi Fundi

Sukari alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa hospitalini, na wala hakuwa mgonjwa. Walimwita Sukari kwa sababu ya ulimi wake. Alizipenda foleni za wagonjwa kwa kuwa mtu mwenye hofu ni rahisi kuzungumza naye, na katika foleni hizo alikuwa ameuza chupa nyingi za maji yake ya mizizi, yanayotibu kila kitu kuanzia figo hadi wivu.

Mbele yake alisimama bibi mwembamba, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Mfamasia alimkabidhi chupa ya vidonge kwa mikono miwili, kama anayempokeza mtu kichanga.

"Hiki kinaifuata seli mbovu ndani ya damu, bibi. Kila siku, saa ileile. Na usiache chupa ovyo, dawa ya mwezi mmoja ni bei ya pikipiki."

Katika maneno yote hayo, Sukari alisikia damu kidogo na pikipiki sana. Tusimlaumu, kila mtu husikia anachokipenda.

Akamfuata bibi hadi kwenye chumba chake cha kushonea, akabisha hodi kwa adabu ya mkwe mtarajiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta nguo au maneno?"

"Nimeleta uhai, bibi. Mimi mwenyewe nilikuwa na saratani ya damu, hiyohiyo yako. Vidonge hivyo ndivyo vilivyoniponya, ila vina sumu kidogo. Nipe chupa, nivisafishe kwa mashine yangu, jioni nakurudishia. Sitaki hata senti."

Bibi Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Kabla ya dawa ile alikuwa hamalizi pindo moja bila kulala. Sasa, mwaka wa tatu, alikuwa akimshonea mjukuu wake gauni la harusi, na alikuwa amekusudia kuwepo harusini. Hayo Sukari hakuyajua wala hakuyauliza.

"Ulikuwa ukivinywaje, mjukuu wangu?"

"Asubuhi, tumbo tupu. Navisaga, nachanganya na juisi ya balungi. Nikisahau leo, kesho napiga viwili."

"Na macho hayakukuvimba?"

"Yalizidi kung'aa, bibi."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, na Sukari akadhani anastaajabia ushujaa wake. Kumbe kila jibu lilikuwa kinyume cha alichofundishwa siku ya kwanza. Dawa yake humezwa nzima, baada ya chakula, kwa glasi kubwa ya maji. Balungi halikanyagi kwake. Na siku akisahau, hafidii kwa kumeza viwili. Macho ndiyo yalikuwa yamemvimba mwaka mzima.

"Nimekuelewa," alisema. "Ila binti yangu ni mkali, huvihesabu. Niachie simu yako nimtulize nayo. Ifungue kabisa, nimwonyeshe picha ulivyopona."

Sukari alipiga hesabu haraka. Angeviuza vidonge, angejaza chupa vya kuumwa kichwa, angerudi jioni kama malaika na kuchukua simu yake. Bibi angeendelea kumeza, na yaliyobaki yangekuwa kati yake na damu yake. Akaitoa simu. Bibi aliingia nyuma ya pazia, akarudi na chupa iliyozungushiwa utepe, akampa kwa mikono miwili.

Alasiri, uchochoroni, mnunuzi aliyemtafuta kutwa alikata utepe akamimina mezani. Vikatoka vifungo vyeupe vya shati, thelathini kamili. Ilikuwa chupa ya mwezi uliopita.

"Hivi navyo vinamezwa na maji?" mnunuzi aliuliza bila kucheka.

Sukari alirudi mbio, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Yakaishia mlangoni. Kwenye benchi, sakafuni, hata juu ya meza ya kukatia vitambaa, walikaa watu ambao kwenye simu yake waliitwa Mama wa Figo, Mzee wa Presha, Mjinga wa Stendi. Kila mmoja amepakata chupa ya maji ya mizizi. Bibi alikuwa amewapigia wote.

Yeye mwenyewe alikuwa anamalizia kula. Akatoa chupa kwenye mfuko wa aproni, akameza kidonge kimoja, akanywa maji polepole mpaka glasi ikaisha. Hakuna aliyemharakisha.

"Niwieni radhi, hii saa yangu hainisubiri," alisema. Kisha akamgeukia Sukari. "Mzee huyu aliacha vidonge vya presha wiki mbili kwa ajili ya maji yako. Anakwenda kwa daktari wake sasa hivi. Na nauli utatoa wewe."

Mzee alimrudishia Sukari chupa yake, ikiwa imebaki nusu. Sukari aliona aibu, jambo ambalo halikuwa limempata kwa miaka mingi, na hakujua aiweke wapi.

Mama wa Figo alimimina maji ya mizizi kwenye glasi, akamsogezea.

"Kunywa, daktari. Si yanatibu kila kitu?"

Sukari aliitazama glasi. Chumba kizima, ni yeye peke yake aliyejua yale maji yalichotwa wapi, na kwa ndoo ya kazi gani. Akaanza kutoa pesa mifukoni, kisha saa ya mkononi, kisha akainama kufungua viatu.