Mjane wa Bendi Isiyokuwepo

Kinanda aliingia katika duka moja la vitu vya kale kukwepa mvua tu. Mbele yake akaona kigoda cha hospitali kikiuzwa kwa bei ya kitanda kizima cha hospitali. Mguu mmoja ulikuwa na kutu. Kikaratasi kilichoning'inia hapo kilieleza kwamba kutu hiyo ni halisi.

Waliomjua walimwita Kinanda kwa sababu ukimgusa popote anatoa wimbo. Akapita taratibu kati ya rafu, mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Palikuwa na birika lililogeuzwa taa, mashine ya chapa iliyong'oka herufi tatu, na redio mfu yenye kikaratasi kirefu kinachosimulia ilivyokuwa ikiimba enzi zake. Watu wa maghorofani, wenye viti vizima majumbani, walikuwa wamepanga foleni kununua vibovu. Kinanda hakucheka. Mtu hachekei shamba lake.

Alichokiona ni hiki: hapa hakiuzwi kitu, kinauzwa kikaratasi.

Kwa wiki nzima akafanya kazi kwa uangalifu ambao, angeupeleka kwenye ajira halali, leo angekuwa meneja. Alikuwa na santuri moja ya mafunzo ya ufugaji wa kuku, iliyotupwa na chuo cha kilimo. Akaibandua lebo kwa mvuke wa birika, akabandika yake. Kutoka studio ya picha iliyofungwa akapata boksi la picha ambazo wenyewe hawakuzirudia, akachagua mwanamume mwenye suruali pana aliyekumbatia gitaa. Bendi akaiita Nyuzi Tisa. Wimbo akauita Barua Bila Stempu. Jalada akalisugua kwa chai na majivu mpaka likapata umri wa kuheshimika.

Mwenye duka, bwana wa miwani isiyo na vioo, aliuliza swali moja la maana: mali hii ni ya nani? Kinanda akainamisha kichwa. Mwanamuziki mwenyewe, alisema, akiwa kwenye kitanda chake cha mwisho, alimkabidhi santuri hii iwe amana, amtafutie mkewe. Alikuwa amemtafuta yule mjane miaka kumi na mmoja.

"Nimechoka, kaka," akamalizia. "Na mimi nikifa, nani ataitunza? Wewe una macho."

Kuhusu kuipiga, alionya kwamba sindano ikiigusa mara moja tu, sauti inakwenda na hairudi. Mwenye duka akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelijua hilo tangu utotoni.

Wakakubaliana kwamba bahasha ya pesa ingetolewa Jumamosi alasiri, mbele ya wageni. Ilitosha kununua gari dogo lililotumika, na Kinanda alikwisha kulikalia na kurekebisha vioo vyake. Muuzaji alikubali kulishikilia mpaka jioni ya siku hiyo, si zaidi. Baada ya miaka ishirini katika fani, Kinanda alikuwa amechoka kukimbia kwa miguu.

Mwenye duka akaisambaza picha na hadithi yake kwenye simu za mji mzima. Jumamosi wageni wakaizunguka santuri ndani ya kisanduku cha kioo, wakinong'ona kama wako matangani. Dada mmoja alisema baba yake aliwahi kucheza Nyuzi Tisa. Bwana mmoja mwenye ndevu akamsahihisha jina la mpiga ngoma wao. Kinanda mwenyewe alisikiliza kwa hamu. Hakujua kama walikuwa na mpiga ngoma.

Ndipo akaingia mama mmoja mtu mzima, kitambaa cheusi kichwani, mkoba mkubwa begani. Akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu, kisha akaweka kiganja juu ya kioo.

"Mume wangu," akasema polepole. "Na suruali ile ile."

Kinanda akahisi sakafu inamkimbia. Kumwambia mama huyu ni mwongo kungemlazimu aeleze amejuaje, na maelezo yangeanzia kwa kuku.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa kukosa lingine.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyenitafuta miaka kumi na mmoja?"

Macho yote yakamgeukia. "Ni mimi, mama."

"Pole. Nilikuwa hapa hapa mjini."

Bwana wa ndevu akauliza kama anaukumbuka wimbo. Mama akafumba macho, akaimba beti mbili za barua iliyolala posta mpaka panya wakamaliza kuisoma. Sauti haikuwa nzuri, na ndiyo maana waliamini. Bwana wa ndevu alilia waziwazi.

Mwenye duka akasafisha koo, akatangaza kwamba hukumu ya amana hata mtoto anaijua: hurudi kwa mwenyewe, na ikiuzwa hurudi bei yake. Bahasha ikapita mbele ya pua ya Kinanda, ikatua mkobani. Kinanda akamkumbatia mama kwa furaha kuu, akamnong'oneza, "Nusu kwa nusu."

"Huyo wa pichani alikuwa fundi bomba," mama akanong'ona naye. "Alikuja kwangu mara mbili kuzibua sinki, na mara zote mbili hakuzibua. Lile gitaa ni la studio. Hata mimi nimepiga nalo picha. Nikianza kusema, nitasema yote."

Mwenye duka akaomba makofi kwa mtu aliyetunza amana miaka kumi na mmoja. Yakapigwa ya kutosha. Kinanda aliwahi kukimbizwa, kurushiwa mawe na kuombewa; kupigiwa makofi kwa uaminifu ilikuwa mara ya kwanza.

Mama akalalamikia magoti yake. Je, mwanawe hangemsaidia mkoba mpaka kwenye teksi?

Hatua ishirini. Kinanda aliisikia bahasha kupitia ngozi ya mkoba, nene, imekaa vizuri. Kushoto palikuwa na uchochoro, na miguu yake iliujua uchochoro wowote kwa asili. Akageuka kidogo. Duka zima lilikuwa limejaa dirishani, simu zimeinuliwa, na mkono wa mama ulikuwa umemkaba kiwiko kama spana.

"Beba vizuri," mama akamwambia, huku akiwapungia walio dirishani. "Na ucheke kidogo. Watu wametoka makwao kuja kuona mwaminifu."

Kinanda akacheka, akamfungulia mlango wa teksi, akampakatisha mkoba wake.